Masikio Mawili ya Gaudensia Kalinga

Kila aliyefika kwenye kibanda cha fundi Desderia Luvanda asubuhi ile alikuja na haraka zake, lakini mama huyu alizidi. Benchi lilikuwa tupu na hakukaa. Aliingia, akatoka, akaangalia barabara ya kwenda barazani, akaingia tena, na kila alipofungua mlango upepo wa Makambako uliingia naye, ukatimua vumbi hadi mezani, ambapo simu ya watu ilikuwa imelala tumbo wazi.

"Mama, karibu ukae basi," Desderia alisema bila kuinua uso. "Ukizunguka hivyo vumbi linaniingilia kwenye simu."

"Nitakaaje, mwanangu? Baraza linaniita leo leo, wakishakula tu chakula cha mchana. Wanajua kula haraka wale wakitaka kumwonea mtu."

Akafungua kiganja. Kilikuwa kikasha cheusi cha visikizi, kimechubuka pembe zote, na ndani yake vile vidude viwili vya masikioni, kila kimoja kikiwaka kijitaa chekundu.

"Haviungani," alisema. "Cha kushoto kinawaka kivyake, cha kulia kivyake. Nimevizima, nimeviwasha, nimevipangusa na spiriti, nimevilaza kwenye mchele mpaka mchele wenyewe nimeutupa. Mjukuu wangu kaniambia tuviriseti. Nikamwambia ukithubutu nakuzaba kofi."

"Ulifanya la maana."

"Kwani mimi mjinga?"

Hakuwa mjinga hata kidogo. Kuriseti visikizi vilivyokomaa na mtu ni kumwua mtu huyo kwenye makaratasi. Vipya unavipata dukani, ndiyo, hata leo, lakini nani atakayeviamini? Masikio mapya hayasikilizwi popote mpaka yakae na mwenyewe miaka na miaka, yamjue anavyopumua akiwa na njaa na anavyopumua akidanganya. Mtu aliyeriseti yake ana kazi ya kujieleza mpaka anaingia kaburini.

Zamani, wanasema, visikizi vilikuwa vya kusikilizia muziki na kukwepa kusalimia watu. Kisha ikaja ile miaka mibaya, ambapo sauti ya mtu yeyote iliweza kutengenezwa na mtu yeyote. Mama anapigiwa simu na mwanawe, analia, anaomba asaidiwe upesi, kumbe mwana mwenyewe yuko shambani anapalilia, hana hili wala lile. Mzee anasikika akigawa kiwanja, kumbe mzee tulishamzika. Watu wakaacha kuaminiana hata mezani. Wakubwa wakakuna vichwa, wakaja na dawa moja: neno lolote haliaminiwi mpaka lisikike na masikio mawili yasiyojuana.

Ndiyo maana kushoto na kulia havitoki kiwanda kimoja, na havina akili moja. Cha kushoto kinapima maneno yenyewe: yamesemwa na nani, kwa sauti gani, kwa mpangilio gani. Cha kulia hakijali sana maneno. Chenyewe kinamsikiliza mwenye sikio, mapigo ya moyo, pumzi, jasho la ngozi, na kutokana na hayo kinajua neno lilimwingiaje. Kila kimoja kinahukumu peke yake. Usiku, kwenye kikasha, vinalinganisha. Vikikubaliana, neno linapigwa muhuri na hakuna mahakama itakayolikataa. Visipokubaliana vinarudia, vinarudia, vikishindwa kabisa vinagoma. Na mtu ambaye visikizi vyake vimegoma, mbele ya serikali ni kiziwi na bubu kwa mpigo mmoja.

"Umepita msibani karibuni?" Desderia aliuliza huku akivipachika kwenye kipimo chake.

Hilo ndilo lililokuwa swali lake la kwanza siku zote. Waliotengeneza visikizi walikuwa watu wa mbali, walifikiria matapeli, walifikiria wanasiasa, lakini hakuna aliyewaambia kwamba huku kwetu Mngoni anaweza kuingia kwenye msiba wa Mhehe, akamtukana marehemu, akamdai mfiwa mguu wa mbuzi, akaiba ufunguo wa gari la jeneza, na akishamaliza apewe chakula cha kwanza kabla ya wajomba. Cha kushoto kikisikia hayo kinapagawa. Kinaandika tusi, kinaandika vitisho, kinaandika wizi. Cha kulia kinasema hapana, mwenye sikio anacheka, moyo wake umetulia, huu ni utani. Basi ugomvi. Mafundi wa nyanda hizi walichoka, wakatunga kiraka chao wenyewe cha kukifundisha cha kushoto utani ni nini. Kila Desemba, watu wakirudi makwao, Desderia alikuwa anaweka viraka mpaka vidole vinakufa ganzi.

"Msiba ni wangu mwenyewe," mama alisema. "Kastory Kalinga. Mume wangu."

Desderia akaweka bisibisi chini. "Jamani. Pole sana, mama. Pole kwa kweli."

"Nimeshapoa." Hakuwa amepoa. "Alikwenda kugema ulanzi kwenye mianzi yetu kule korongoni, ukingo ukaporomoka. Na sasa mdogo wake, Ponsiano, ametoka Dar na suti, anataka nyumba na anataka mianzi. Kastory alinipa mianzi ile kwa mdomo wake, nikiwa nimevaa visikizi hivi hivi, muhuri upo humu ndani. Lakini baraza limesema masikio yaliyogombana hayafunguliwi. Yaungane, au Ponsiano achukue. Leo."

Hapo Desderia akaelewa zile safari za mlangoni. Akaunganisha waya, akaweka kiraka cha utani na kusubiri, huku akijisemea kwamba hii ni kazi ya dakika tu, mama wa watu atawahi na chakula atakula.

Kipimo kikaandika: kiraka tayari kipo.

Akakiondoa, akakiweka upya. Kijitaa chekundu, kijitaa chekundu. Kiraka kilikuwa kizima, kimewekwa zamani na fundi mmoja wa Mafinga, na kilikuwa kinafanya kazi vizuri kuliko hata vile alivyoviweka yeye mwenyewe.

"Nini?" mama aliuliza. Alikuwa ameshasimama nyuma yake, anapumulia shingoni.

"Subiri kwanza."

"Ninasubiri nini? Sema."

"Mama, kuna neno moja tu vinaligombania. Itabidi nilisikie. Bila ruhusa yako siwezi."

Mama Gaudensia aligeuka akaangalia nje. Upepo ulikuwa unasukuma mfuko wa plastiki uwanja mzima wa stendi, nao hauchoki. "Sikiliza," alisema.

*

Kwanza vilio vya wanawake, na koleo likigonga jiwe. Halafu sauti ya mwanamume, inatoka chini, imefifia kama ya mtu aliyelala shimoni.

"Sitoki! Nimesema sitoki! Mnataka kumlaza Mhehe humu? Ataanza kubishana na udongo, mwaka ujao Makambako nzima haina mavuno! Leteni mguu wa mbuzi kwanza."

Watu wakacheka. Kicheko cha msibani, kile kinachotoka na makamasi.

"Mngoni toka huko!" mwanamke mmoja akaita. "Umemwua ndugu yetu halafu unataka na mbuzi wetu?"

"Ndiyo, mimi! Mimi nimemwua! Vita ya babu zangu nimeimaliza peke yangu, tena bila mkuki! Nimemsukuma korongoni mchana kweupe. Nikaona huruma, nikamdaka mguu nimrudishe, nikabaki na kiatu. Mhehe gani huyu, hata kiatu chake kinamkimbia!"

Kicheko kikalipuka. Ndani yake kulikuwa na kicheko kimoja cha karibu sana, cha mwenye masikio.

Desderia alikuwa ametabasamu bila kujijua. Alimtambua mwenye sauti. Nani Makambako asiyemjua Longinus Komba, mwenye guta la magurudumu matatu la kubebea madumu ya ulanzi, mtani wa mji mzima? Akasogeza macho kwenye hukumu, akitegemea kukuta cha kushoto kimepagawa kama kawaida yake. Tabasamu likamkauka mdomoni.

Kushoto: mzaha.

Kulia: kukiri.

Akasoma tena. Akasafisha kioo kwa mkono wa sweta, akasoma mara nyingine. Miaka yote ya kazi hakuwahi kuona vimegombana kwa upande huu. Cha kushoto, chenye kiraka, kilikuwa kimesikia utani safi usio na doa. Kile cha kulia, kisichojali maneno, kinachosikiliza damu ya mwenyewe, ndicho kilichokuwa kimekataa. Akafungua sababu zake. Hazikuwa ndefu. Kwenye neno "kiatu" pumzi ya Gaudensia Kalinga ilikatika. Moyo uliruka, ukakaa juu, haukushuka mpaka jioni. Kicheko kilifuata baadaye, na kisikizi kilikuwa kimekiandikia kando: cha kulazimisha.

"Mama," Desderia alisema taratibu, "wewe ulikuwa unajua nini kuhusu kiatu?"

Gaudensia hakugeuka. "Lazimisha tu."

"Mama..."

"Najua mnaweza kulazimisha. Mke wa katibu alilazimishiwa, kila mtu anajua. Kiambie cha kulia kikubali kwamba ni utani, viungane, nikachukue nyumba yangu. Mengine niachie mimi."

"Naweza," Desderia alisema. "Ni kubonyeza tu."

"Sasa?"

Desderia alitamani aseme sawa, abonyeze, mama aondoke na upepo wake. Kazi ilikuwa ndogo, na hata sheria yenyewe ilikuwa inafumba jicho. Lakini kidole kiligoma, na yeye mwenyewe alijikasirikia kwa kugoma kwake.

"Hiki cha kulia hakimhukumu Mngoni," alisema. "Hakimjui Mngoni. Kinachokijua ni wewe. Kimesema kukiri kwa sababu wewe uliamini. Sasa nikikilazimisha, siyo neno hili tu litakalobadilika. Kitajifunza. Kitajua kwamba moyo wako ukishtuka namna ile, si kitu, ni wa kupuuzwa. Siku nyingine mtu akikutisha kweli, ukaja kushtaki, chenyewe kitasimama barazani kiseme huyu mama hakuogopa. Hutaaminiwa tena na sikio lako mwenyewe. Na kukifundisha upya, mimi siwezi, na aseme mtu anayeweza."

Mama akageuka, na uso wake ulikuwa na hasira ambayo Desderia hakuitegemea.

"Na usipolazimisha, mimi nalala wapi leo? Niambie. Unanihubiria moyo, moyo unaezekwa bati?"

Hilo lilimchoma Desderia, maana lilikuwa la haki. Alikuwa na chumba chake, kitanda chake, na hakuna Ponsiano aliyemtolea macho. Akakaa. Akasimama. Akasogeza kikombe cha chai iliyopoa toka upande mmoja wa meza kwenda upande mwingine, akakirudisha.

Gaudensia naye, mwishowe, alikaa kwenye benchi. Alikaa nusu, ncha ya benchi.

"Kastory aliletwa akiwa na kiatu kimoja," alisema. "Nilimpokea mimi na kijana wa zahanati aliyemleta, basi. Nikaona aibu, mume wangu aonekane na mguu mtupu kama mlevi. Nikamvua na kile kingine kabla watu hawajaingia, nikakificha uvunguni mwa kitanda. Sikumwambia mtu. Hata wanangu. Na Mngoni alisema siku ile alikuwa Songea." Akapangusa pua kwa ncha ya kitenge. "Halafu akalala kaburini akasema kiatu. Na mimi nikacheka, mwanangu. Wote wanacheka, wananiangalia kama nitacheka, nikacheka. Ningefanyaje? Mtani amelala kaburini anakufariji, wewe umkasirikie? Unaanzia wapi? Tangu siku hiyo silali. Nikifumba macho namsikia anasema kiatu."

"Ungeuliza."

"Nimwulize anijibu nini? Kila nikimwuliza kitu ananitania. Miaka yote ndivyo tulivyoishi naye, na nilikuwa nafurahi."

Desderia alikiangalia kipimo. Njia zilikuwa mbili na zote zilikuwa mbaya. Akikilazimisha cha kulia, mama huyu anapata nyumba na anapoteza sikio. Akikilazimisha cha kushoto, neno linapigwa muhuri kama kukiri kuua: nimemwua, nimemsukuma, mchana kweupe. Muhuri haujui kueleza. Polisi watamzoa Longinus kabla jua halijageuka, na kama mtu yule alikuwa anatania tu, kama kiatu amekisikia kwa kijana wa zahanati kilabuni, basi yeye Desderia Luvanda atakuwa amemfunga mtu kwa kubonyeza.

"Iko ya tatu," alisema ghafla. "Lakini haiko mikononi mwangu. Mwenye neno akilirudia mwenyewe, hapa, umevaa vyote viwili, lile la pili linafunika la kwanza. Vikikubaliana kwenye hilo, ugomvi umekwisha."

"Alirudie bila utani?"

"Bila utani."

Gaudensia alicheka, kicheko kifupi cha puani. "Mngoni huyu? Huyo hata kuumwa anaumwa kwa utani."

"Nimpigie?"

Mama alisimama, akaenda mlangoni, akaangalia barabara ya barazani. Watu walikuwa wameanza kukusanyika kule, mmoja wao na suti. Akarudi.

"Mpigie," alisema. "Upesi, kabla sijabadilisha mawazo."

*

Longinus Komba alisikika kabla hajaonekana. Guta lake lilikuwa na honi ya kubweka, aliiweka makusudi kwa ajili ya Wahehe, eti wala mbwa, na aliibonyeza kutoka stendi hadi mlangoni mwa kibanda. Alikuwa mtu mfupi, mnene wa mabega, kofia ya sufu imevutwa hadi kwenye nyusi.

"Nani Mhehe ameniita?" alipaza sauti. "Nimekuja na sahani kabisa. Nasikia leo mmechinja mbwa mzee..." Akamwona Gaudensia kwenye benchi, akafungua mikono. "Shemeji! Na wewe umeleta masikio? Usimsumbue fundi. Ya Wahehe yameumbwa hivyo hivyo, hayasikii, tangu kiwandani kwa Mungu."

Siku nyingine Desderia angemjibu kwamba Mngoni amalize panya wake kwanza. Leo aliinamia kipimo chake. Gaudensia alikuwa ameshavaa visikizi, na kwenye kipimo taa ziliwaka: kushoto kijani, kulia nyekundu.

"Longinus," Gaudensia alisema.

Kicheko cha mtu yule kilikatika katikati. Tangu wajuane hakuwahi kumwita kwa jina hilo. Alikuwa Mngoni, alikuwa mwizi, alikuwa mla panya, lakini Longinus hapana.

"Leo utani sina," Gaudensia aliendelea. Sauti ilikuwa inamtetemeka, na aliiacha itetemeke. "Wala kesho sina. Nauvunja, fundi shahidi. Kati ya nyumba yangu na yako, umekwisha."

"Weee! Mfiwa anavunja utani!" Longinus alimgeukia Desderia, anatafuta mtu wa kucheka naye. "Hiyo utatozwa mbuzi, shemeji, tena dume."

"Nitatoa."

"Shemeji..."

"Nimesema nitatoa. Sasa niambie ulivyosema kaburini. Niambie kama mtu."

Nje guta lilikuwa bado linaunguruma, hakuna aliyekwenda kulizima.

Desderia alijua hapa ndipo pake, na hakupapenda. Kama angenyamaza, mtu huyu angeweza kusema bila kujua anasema mbele ya nini, na masikio yangeungana, na mama angewahi. Kunyamaza kulikuwa rahisi mno.

"Kaka Longinus," alisema, "amevaa vyote viwili. Utakalosema, vikilikubali, linakwenda lenyewe. Mimi siwezi kulifuta, yeye hawezi. Polisi watalisoma kabla hujafika stendi. Na usiposema, visikizi vyake vinabaki hivi hivi na nyumba inakwenda kwa Ponsiano. Nakwambia yote mawili ili usije ukasema hukuambiwa. Mlango uko wazi."

Gaudensia alimkata jicho fundi, jicho la mtu aliyesalitiwa. Desderia alilipokea.

Longinus aliuangalia mlango. Aliuangalia muda mrefu, na upepo ukaupigapiga, ukaufungua zaidi. Kisha akavua kofia. Kichwani alikuwa na mvi nyingi kuliko watu walivyodhani. Akakaa kwenye benchi, ile ncha nyingine, akaweka kofia magotini na kuanza kuikunjakunja.

"Sikuwa Songea," alisema.

Kulia: nyekundu. Kushoto: nyekundu. Vilikuwa vinasikiliza.

"Tulikwenda wote. Yeye anagema, mimi nashika dumu. Akawa amesimama ukingoni, anajisifu kwamba Mngoni hajui kugema, Mngoni anajua kunywa tu. Nikamsukuma. Hivi, kwa bega. Shemeji, wewe mwenyewe umetuona tunavyosukumana. Kila siku tunasukumana! Ukingo ukalegea. Nikamdaka mguu, nikabaki na kiatu."

"Akaanguka," Gaudensia alisema.

"Hapana."

"Hapana nini?"

"Hakuanguka. Siyo mpaka chini." Longinus aliikunja kofia mara nyingine. "Kulikuwa na kijiudongo kimejitokeza hapo chini kidogo, kama kibaraza. Akakaa juu yake. Mzima kabisa, hana hata mchubuko. Ananiangalia, na mimi namwangalia, tukaanza kucheka. Tulicheka mpaka nikashika tumbo. Akaniambia, nirushie kiatu changu halafu unipe mkono."

Mkono mmoja wa Gaudensia ulikuwa umeshika benchi kwa nguvu.

"Ningempa," Longinus alisema. "Kufika nafika, pale palikuwa karibu. Ningeinama tu. Lakini nikasema, huyu kanitukana leo, ngoja aombe kwanza. Aseme Wangoni ni wababe wake. Neno moja tu, halafu namvuta. Nikamwambia, kiatu nimeshakipiga mnada, nakwenda zangu. Nikajificha nyuma ya mianzi. Nikamsikia anasema, we Mngoni, acha utani. Nikaziba mdomo nisicheke. Akasema tena. Acha utani, udongo unatembea."

Kofia ilikuwa imekuwa kitita mikononi mwake.

"Nikadhani na yeye ananitania," alisema.

Visikizi vilitoa mlio mmoja, laini, ule ambao Gaudensia alikuwa ameusubiri tangu vigome. Kwenye kipimo taa zote mbili zikawa kijani. Vimeungana, sauti ikasema, neno limepokelewa, asante. Hakuna aliyeonekana kuisikia.

"Limekwenda?" Longinus aliuliza.

"Limekwenda," Desderia alisema.

Gaudensia alisimama. Desderia alidhani atampiga, na hakuwa na nia ya kumzuia. Lakini mama alijifunga kitenge upya, akakikaza, akachukua kikasha chake mezani. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta. Alimwinamia yule mtu mfupi kwenye benchi, karibu sana, kama mtu anavyomwinamia mgonjwa.

"Ungetoka," alisema. "Ungetoka nyuma ya mianzi, Longinus. Ungetoka tu, tukakucheka."

Kisha akaenda barazani, anakimbia nusu, upepo unamsukuma mgongoni. Longinus alibaki amekaa. Guta lilikuwa linaunguruma mlangoni na barabara ya Songea ilikuwa nyeupe, haina mtu, na hakuinuka. Desderia alivuta simu ya watu, akashika bisibisi, akakaa nayo mkononi bila kukumbuka alikuwa amefikia wapi.